Sitara ya Maiti Kitabuni

Mwaka 1994 mwandishi wa Marekani Richard Preston alichapisha The Hot Zone, kitabu cha habari za kweli kuhusu virusi vya Marburg na Ebola kilichoandikwa kwa mwendo wa riwaya ya kusisimua. Kiliuzwa kwa wingi, kikatafsiriwa, kisha kikarudi kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa sana miaka ishirini baadaye, Ebola ilipolipuka Afrika Magharibi. Wasomaji wake, wa wakati ule na wa sasa, husema mambo yanayofanana mno: kwamba walikianza jioni na alfajiri ikawakuta macho, kwamba homa ndogo ya kawaida iliwatia kiwewe, kwamba ilibidi wajikumbushe kila mara kuwa haya si ya kubuni. Stephen King, ambaye kazi yake ni kutisha watu, aliitaja sura ya kwanza kuwa miongoni mwa mambo ya kuogofya kabisa aliyopata kuyasoma maishani, na sifa hiyo ikatumika kukiuza kitabu. Ni sifa ya haki, kwa maana sura ile imeandikwa kwa ustadi mkubwa. Ila inasimulia kifo cha mtu aliyeishi, Mfaransa aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya, aliyezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon na kukata roho hospitalini Nairobi mnamo Januari 1980. Ikiwa kifo chake kimekuwa kitisho cha kufurahisha kwa watu wasiomjua, je, watu hao wamemkosea? Na kama hawakumkosea, ni kitu gani kinachowaondolea hatia?

Jibu la haraka ni kwamba maiti haumii, na tena Preston alimsitiri mtu huyu kwa jina la bandia. Lakini hatuishi kana kwamba marehemu hana haki. Tunatekeleza wasia wake hata pale unapotugharimu, tunakasirika kaburi lake likichafuliwa, na hatuhitaji kuthibitisha kwanza kwamba analihisi kosa. Miongoni mwa Waislamu ipo kazi moja ambayo adabu yake inalifafanua jambo hili kuliko nadharia nyingi, nayo ni kazi ya kuosha maiti. Marehemu hulazwa, hufunikwa nguo kuanzia kitovuni hadi magotini, na mkono wa mwosha uliozungushiwa kitambaa hupita chini ya nguo hiyo. Tumbo hukandwa taratibu ili kilichobaki kitoke. Anayefanya hivyo hukutana na vidonda, harufu na umbo ambalo ugonjwa umeliacha, na mafundisho yanamtaka asitoke mle akayasimulia. Akiuona uso umetulia anaweza kuwapa wafiwa faraja hiyo. Akiona la kuchukiza, linabaki chumbani. Waswahili wamelihifadhi fundisho hili katika msemo kwamba mwosha huoshwa, na maana yake inamgusa hata msomaji: anayeutazama leo mwili wa mwenziwe, kesho wake utakuwa mbele ya macho ya wengine.

Tazama adabu hiyo inavyohitaji mambo mawili kwa pamoja. Mwosha haruhusiwi kufumba macho, kwa sababu kazi haitafanyika. Wala haruhusiwi kutazama kwa ajili ya kutazama. Macho yake yana kazi, na kazi hiyo ni ya huyu aliyelala. Hoja yangu ni kwamba kusoma habari za kweli za mlipuko wa maradhi ni namna ya kusimama penye maiti, na adabu yake ni hiyohiyo. Hofu ya msomaji si dhambi, wala utamu wa kisa si dhambi. Linaloamua ni hofu ile inaelekea wapi: msomaji akifunga kitabu anamwogopea mgonjwa, au anamwogopa mgonjwa? Kitabu kinaweza kumpeleka upande mmoja au mwingine, naye msomaji ana hiari yake juu ya hilo, na hiari hiyo ndiyo ninayotaka ichukuliwe kwa uzito.

Agostino wa Hippo, mwana wa Afrika ya Kaskazini, aliligusa swali hili mwishoni mwa karne ya nne katika Maungamo yake. Alikumbuka michezo ya jukwaani aliyoipenda ujanani huko Karthago, akashangaa kwa nini mtu hufurahia kuhuzunika kwa mambo ambayo asingependa yampate. Aligundua kwamba mtazamaji haitwi kusaidia. Anaitwa kuhuzunika tu, na humsifu mwigizaji kadiri anavyomliza. Kwake yeye huruma isiyo na wa kumsaidia ilikuwa huruma iliyopotoka. Agostino alikuwa akizungumzia visa vya kubuni, ambamo hakuna mgonjwa wa kupewa maji. Kitabu cha habari za kweli kinabadilisha hesabu hiyo pande zote mbili. Kosa linakuwa zito zaidi, kwa sababu anayeteseka ni mtu kweli. Na tumaini linakuwa kubwa zaidi, kwa sababu huruma inayoamshwa ina mahali pa kwenda. Aliyemlilia malkia wa jukwaani hakuwa na la kufanya baada ya pazia kushuka. Aliyesoma kuhusu Ebola anaishi katika dunia ambamo Ebola ipo, zahanati zisizo na glavu zipo, na wageni wanaotoka nchi zenye ugonjwa hupita mlangoni kwake.

Mtu anaweza kusema kwamba kwa kipimo hiki kila anayeandika juu ya maradhi amemvunjia mgonjwa sitara. Si kweli, na ushahidi uko karibu. Ugonjwa uleule wa Nairobi ulielezwa na madaktari katika jarida la Lancet mwaka 1982. Dalili zimo, kutoka damu kumo, mwisho wa mgonjwa umo. Hakuna aliyedhalilishwa. Kwa hiyo tatizo haliko katika kutaja matapishi na damu, na wanaodhani heshima ni kunyamaza wamekosea, kwa sababu daktari wa kesho anahitaji kuyajua yote hayo. Wala sidai kwamba heshima ni ukavu wa ripoti. Simulizi ina uwezo ambao ripoti haina, wa kutuweka kando ya kitanda na kutufanya tukae. Swali ni simulizi inatuweka kando ya kitanda ili tufanye nini.

Chukua tukio lenyewe la hospitalini. Mgonjwa ameletwa kwa ndege kutoka magharibi, amezirai, pumzi inakwama. Dk. Shem Musoke, daktari kijana wa zamu, anainama juu yake, anamfungua kinywa, anaingiza kifaa chenye taa ili aione njia ya hewa, na matapishi yenye damu yanamrukia mpaka machoni. Hakuondoka. Aliendelea kumhudumia mtu asiyemjua, mwenye ugonjwa ambao hakuna aliyejua jina lake. Siku chache baadaye aliugua yeye, akapasuliwa tumbo katika kutafuta chanzo bila kupatikana jibu, na damu yake ndiyo iliyopelekwa maabara za nje na kufichua kwamba ulikuwa Marburg, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1967 kupitia tumbili waliotoka Uganda. Alipona, akarudi kutibu. Yote haya yamo kitabuni, na Preston anastahili shukrani kwa kuyaandika. Lakini sikiliza watu wanavyoisimulia sura hiyo kwa wenzao: wanasimulia ndege, mfuko wa kutapikia, damu. Mikono ya daktari haimo katika masimulizi yao. Msomaji alikuwa mle chumbani pamoja na mtu aliyefanya jambo kubwa kuliko yote yanayoweza kufanywa penye kitanda cha mgonjwa, akatoka na picha ya matapishi.

Sehemu ya lawama ni ya mwandishi, na hapa inabidi kusema wazi. Kitabu kinajitambulisha kama kisa cha kweli, na kimeongeza chumvi pale ambapo kuongeza chumvi kuna madhara. Humo miili inaelezwa kana kwamba inayeyuka ndani kwa ndani, na damu inatoka machoni mithili ya machozi. David Quammen, mwandishi mwingine wa Marekani aliyefuatilia magonjwa yanayotoka kwa wanyama, aliandika katika Spillover mwaka 2012 kwamba wanaoujua ugonjwa huu kwa kuutibu na kuuchunguza hawaitambui picha hiyo. Mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, uliopata wagonjwa zaidi ya 28,000, ulithibitisha: wengi hawakutoka damu ya kuonekana kabisa. Waliharisha na kutapika hadi mwili ukakauka maji na chumvi, shinikizo la damu likaanguka, figo na ini vikashindwa. Anayedai kwamba tofauti hii ni ya madaktari tu hajaipima vizuri. Mtu anayeyeyuka hasaidiki. Unachoweza kufanya ni kumkimbia. Mtu aliyekaukiwa maji anasaidika. Anahitaji kikombe kishikwe mdomoni pake mara kwa mara, anahitaji dripu, anahitaji mtu wa kumgeuza na kumbadilisha shuka. Kumchora wa pili kwa sura ya wa kwanza ni kumtoa katika hesabu ya wanaoweza kuokolewa, na kumpa msomaji ruhusa ya kuogopa bila deni.

Hata hivyo lawama haiishii kwa mwandishi. Mfano wa Yambuku unaonyesha kwamba msomaji naye huchagua cha kubeba. Katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo, Ebola ilipotokea mwaka 1976, wauguzi waligawiwa sindano tano kila asubuhi kwa ajili ya kazi ya siku nzima. Zilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa, zikachoma wajawazito, watoto na wenye malaria. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 318 na waliokufa 280, na katika wale ambao njia yao pekee ya kuambukizwa ilikuwa sindano, hakupona hata mmoja. Wafanyakazi 11 kati ya 17 wa hospitali walifariki. Sindano tano hizo zimo kwenye kitabu cha Preston, hakuzificha. Lakini hazikosheshi mtu usingizi. Kinachokosesha usingizi ni pango, popo na msitu. Naliona hili kuwa jambo la kusikitisha kuliko chumvi yoyote iliyoongezwa, kwa sababu katika kisa kizima cha 1976 sindano ndizo sehemu ambayo mwanadamu angeweza kuizuia kwa fedha kidogo, na ndiyo sehemu inayopaswa kututia aibu. Msitu hauna hatia. Hofu ya msitu ni rahisi kwa msomaji wa mbali kwa kuwa haimdai chochote. Hofu ya sindano tano ingemdai sindano.

Matokeo ya hofu iliyokwenda upande usio wake yalionekana Marekani katika vuli ya 2014. Mwalimu wa shule moja ya Kikatoliki mjini Louisville, Kentucky, aliyekuwa amerejea kutoka safari ya kanisa nchini Kenya, alijiuzulu baada ya wazazi kuogopa, ingawa Kenya haikuwa na mgonjwa hata mmoja na Nairobi iko zaidi ya kilomita 5,000 kutoka Monrovia, mji mkuu wa Liberia uliokuwa umekumbwa na ugonjwa. Huko New Jersey watoto wawili waliotoka Rwanda, nchi ambayo nayo haikuwa na Ebola, walicheleweshwa kuanza shule kwa sababu ya wasiwasi wa wazazi wengine. Siwezi kudai kwamba kitabu kimoja ndicho kilichofanya haya; filamu, televisheni na ubaguzi wa zamani vilikuwemo. Lakini watu hawakuogopa kile ambacho ugonjwa unafanya kweli, yaani kuambukiza kwa kugusa majimaji ya mtu aliyekwisha kuugua. Waliogopa picha iliyokaa vichwani mwao kwa miaka ishirini, picha ya bara zima ambalo linaficha kifo pangoni na kukisafirisha kwa ndege. Katika picha hiyo mtoto wa Rwanda hana jina. Ni njia ya kupitia virusi.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: bila hofu nani angejali? Kuna wataalamu wa virusi leo wanaosema waziwazi kwamba kitabu hiki walichokisoma shuleni ndicho kilichowapeleka maabara. Fedha za utafiti haziji kwa kubembeleza, na serikali husikia pale zinapotishika. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Hofu ni mwito, na mwito unaomwamsha mtu akaenda kusomea tiba hauwezi kuitwa uovu. Lakini tupime hofu ile kwa kazi iliyoifanya. Miaka michache baada ya kitabu, wanasayansi nchini Kanada walitengeneza chanjo ya Ebola, na mwaka 2005 ilichapishwa kwamba imewalinda kima. Baada ya hapo ikakaa. Majaribio ya kuonyesha kama inawakinga watu dhidi ya Ebola yalifanyika Guinea mwaka 2015, watu zaidi ya 11,000 wakiwa wamekufa au wako njiani kufa katika nchi tatu za Afrika Magharibi. Katika muongo wote ule watu walikuwa wanaijua Ebola kwa jina, wanaogopa, wananunua kitabu. Hofu yao ilikuwa ya kwamba ugonjwa utawafikia, na ulipokuwa haujawafikia haikuwa na kazi. Anayeogopa kwa ajili ya nafsi yake hutulia mara hatari inapokuwa mbali. Anayemwogopea mwenzake hatulii kwa umbali. Kwa hiyo hata kwa wanaotaka kupima kitabu kwa faida peke yake, mwelekeo wa hofu unabaki kuwa ndilo swali.

Preston anafunga kitabu kwa wazo ambalo wasomaji wengi wamelipenda: kwamba huenda dunia inajikinga dhidi ya binadamu kama mwili unavyojikinga dhidi ya vijidudu, na virusi hivi ni namna yake ya kujibu uharibifu wetu. Wazo hili lina sauti ya hekima, na linawavutia hata wasio na dini kwa sababu linawarudishia kitu ambacho dini ziliwahi kutoa, yaani maana. Lakini tuliangalie kutoka Yambuku. Wajawazito waliochomwa sindano kule hawakukata msitu wa dunia wala hawakujenga viwanda. Wakilipa kwa niaba ya waliofanya hayo, basi haki ya dunia ni dhuluma. Rafiki zake Ayubu walifanya kosa hili walipomwona amekaa majivuni na majipu yake wakaanza kumtafutia sababu, na katika Kitabu cha Ayubu, katika Biblia, ni wao waliokemewa, si mgonjwa. Katika Uislamu nako, hadithi mashuhuri zinamhesabu muumini aliyekufa kwa tauni kuwa shahidi, na hilo linamfungia mlango anayetaka kuusoma ugonjwa wa jirani kama hukumu yake. Mapokeo yote mawili yalijua kwamba maana tunayoibandika juu ya maiti wa watu wengine mara nyingi ni njia ya kujitoa wenyewe. Nadhani Preston hakukusudia hivyo; alikusudia kutuonya juu ya mazingira, na onyo hilo lina haki yake. Lakini lilihitaji kusimama bila kuwatumia wafu wale kama hoja.

Hapa napaswa kukabili ugumu uliobaki. Maiti wa Ebola ni hatari kweli. Mwili huwa umejaa virusi saa anayokufa mtu, na kuosha, kukumbatia na kubusu ndiko kulikoambukiza familia nzimanzima. Je, kuna uwezekano wa kumheshimu mtu ambaye kumgusa ni kufa? Wapo watakaosema kwamba mazungumzo yangu ya adabu ni anasa ya wakati wa salama, na kwamba mlipuko ukifika lazima mwili uitwe kwa jina la hatari yake. Jambo hili lilijaribiwa, na majibu yapo. Mwezi Agosti 2014 serikali ya Liberia iliamuru miili ya Monrovia ichomwe moto. Kwa mantiki ya hatari tupu, lilikuwa jambo sahihi. Kwa watu ambao kwao kuchoma maiti ni unyama, matokeo yakawa kuficha wagonjwa ndani na kuzika usiku, na ugonjwa ukapata njia nyingine. Miezi michache baadaye Shirika la Afya Duniani, likishauriana na taasisi za Kikristo na za Kiislamu, lilitoa mwongozo wa maziko salama na ya heshima. Ndani yake familia inaulizwa inataka kaburi wapi. Anaitwa imamu au mchungaji. Kama marehemu ni Mwislamu, aliyevaa mavazi ya kinga anaweza kumfanyia tayamamu badala ya kumwosha kwa maji, na sanda inapatiwa nafasi yake. Jamaa wanasimama mbali kidogo, wanaona, wanaomba dua. Hakuna hata tone moja la tahadhari lililopunguzwa. Kilichoongezwa ni kukiri kwamba aliyemo ndani ya mfuko wa maiti ni mtu.

Somo hilohilo lilipatikana tena kwa gharama katika Kivu Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020, kwenye mlipuko uliopata wagonjwa 3,470 na kuua 2,287, katika miji ya watu wanaozungumza Kiswahili kama Beni na Butembo. Vituo vya matibabu vilichomwa moto, wahudumu walishambuliwa, na mwezi Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Cameroon, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Sababu zilikuwa nyingi, nyingine za vita na siasa. Mojawapo ilikuwa kwamba watu waliona jamaa zao wakichukuliwa na watu wasio na nyuso, wakiingizwa nyuma ya uzio, na kutoka wamefungwa. Shirika la ALIMA lilileta Beni chumba cha plastiki angavu chenye mikono ya glavu iliyoshonewa ukutani: muuguzi anaingiza mikono kutoka nje, anapima joto, anarekebisha dripu bila kuvaa mavazi mazito, na mama wa mgonjwa anakaa kwenye kiti upande wa pili wa plastiki, anamwona mwanawe, anamsemesha. Huko Liberia wahudumu waliwahi kubandika picha za nyuso zao, wakitabasamu, kifuani juu ya mavazi ya kinga. Nazitaja hizi kwa sababu zinajibu moja kwa moja taswira kuu ya The Hot Zone, ya mtu aliyevaa vazi kama la mwanaanga anayeikaribia hatari. Huko Liberia vazi lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sasa waliokuwa ndani na nje yake walionana.

Kwa hiyo ustadi wa kusisimua haujahukumiwa hapa. Mashaka, mwendo wa haraka, sura inayoishia pale ambapo huwezi kuacha, vyote hivi vinaweza kumtumikia mgonjwa, mradi msomaji afanywe aulize kama huyu atapona badala ya kuuliza kama itanifikia. Na mambo ya kusimulia kwa namna hiyo si haba. Mchungulie anayefungua jokofu la maabara ya virusi popote duniani: aina mojawapo ya Marburg inayotumika katika utafiti inaitwa Musoke, kwa jina la daktari yule wa Nairobi, na aina ya kwanza ya Ebola inaitwa Mayinga, kwa jina la muuguzi kijana wa Kinshasa, Mayinga N'Seka, aliyeambukizwa akimuuguza mtawa na kufariki Oktoba 1976. Majina ya waliohudumia yameandikwa kwenye vichupa vya ugonjwa uliowapata. Gulu, Uganda, ilipopata Ebola mwaka 2000, Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor aliitambua mapema, akawashawishi wauguzi waliokata tamaa wabaki kazini, na mwezi Desemba akafa nayo. Mkoa wa Kagera, Tanzania, umepata Marburg mara mbili, mwaka 2023 na 2025, na mara zote mbili ukaidhibiti. Hakuna hata kimoja kati ya visa hivi kinachohitaji mwili uyeyuke ili kumkosesha mtu usingizi.

Rwanda ilipotangaza Marburg Septemba 2024, wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya, walioambukizwa wakitibu. Kati ya wagonjwa 66 walikufa 15, idadi ndogo sana kwa ugonjwa ambao umezoea kuua nusu ya wanaoupata au zaidi. Wawili kati ya wagonjwa hao 66 viungo vyao vilishindwa, wakatiwa mrija kooni na kuunganishwa na mashine ya kupumulia. Kumtia mrija mgonjwa wa Marburg ni kitendo kilekile alichokuwa akikielekea Musoke alipoinama juu ya koo la mgonjwa wake Januari 1980, na hatari yake ni ileile. Wauguzi waliwageuza, wakawafyonza makohozi, wakawalinda siku baada ya siku. Kisha mirija ikatolewa, na wote wawili wakapumua wenyewe, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani liliamini kwamba halijawahi kufanikiwa kwa mgonjwa wa Marburg barani Afrika. Kati ya saa ya kutia mrija na saa ya kuutoa kuna kitabu kizima ambacho bado hakijaandikwa, na wahusika wake wangali hai, wanaweza kuulizwa kama wanaridhia.